Mbeleko kwenye Ulimi wa Kengele

Juzi fundi alipanda darini kwangu hapa Sofu kuziba paa linalovuja. Alipong'oa ubao wa kwanza, harufu ikashuka: mavi ya popo, vumbi la miaka, na mbao kuukuu zilizolowa zikakauka zikalowa tena. Fundi alitema mate akalaani. Mimi nilikuwa chini nikimshikia ngazi, na ghafla nikaiachia, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mjukuu wangu akakimbilia maji akidhani ni presha. Haikuwa presha. Nilikuwa nimerudi ndani ya mnara wa kengele kule Kisarawe, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, nimeficha mbeleko ya mama yangu ndani ya gauni.

Nitalieleza jambo hili kama nilivyolielewa wakati ule. Nikilieleza kwa akili za leo litaonekana la kuchekesha, na mimi wakati ule sikucheka hata kidogo.

Nililelewa na bibi mzaa mama huko Kurui. Kwao mtu akifa, habari ilitembea kwa vilio. Unasikia mwanamke amepiga yowe nyumba ya mbali, jirani yake anadakia, mpaka kilio kinafika kwenu na bibi anajifunga kanga kiunoni kwenda msibani. Kwanza mtu anakufa, halafu ndipo kelele. Hata mtoto mdogo anauelewa utaratibu huo. Nilipofikia umri wa shule, mama akaja kunichukua nikakae naye Kisarawe, kwenye nyumba za misheni, kwa sababu baba alikuwa seremala aliyebatizwa na mama alimfuata katika dini. Bibi hakuwahi kukosa sala zake tano, lakini hakunung'unika. Alinifungia mihogo ya kuchoma kwenye jani la mgomba akanipa wosia mmoja tu: nisiwe mtoto wa kuuliza uliza, watu wa misheni wasije wakasema nimelelewa na mbuzi. Nikaushika wosia huo kupita kiasi. Laiti ningekuwa mdadisi, nisingekuwa na la kusimulia leo.

Kanisa lilikuwa kilimani, la mawe, lenye mnara. Wajerumani walioujenga walikuwa wameshaondoka zamani na bomani walikaa Waingereza, lakini kengele ilibaki na maandishi yao ubavuni, na sisi watoto tuliambiana kwamba inalia Kijerumani. Kila mtoto wa misheni alitamani kuupanda mnara ule. Walisema ukifika juu unaiona Dar es Salaam nzima, mpaka bahari. Mimi nilitamani kuliko wote, kwa sababu baba alikuwa hukohuko Dar es Salaam, anafanya kazi ya useremala bandarini na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Niliamini kabisa kwamba nikifika juu nitamwona, na akiinua kichwa ataniona.

Kengele ya ibada ilikuwa na haraka, kama mtu anayekuita chakula kisipoe. Ile nyingine ndiyo iliyonitesa. Ilikwenda polepole. Inalia mara moja, halafu kimya, mpaka unadhani imekwisha, halafu inalia tena. Wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha mchi hewani. Mmoja angeuliza, "Nani huyo?" Hakuna aliyejua. Wangesikiliza, na baada ya muda kilio kingetoka nyumba fulani, na mtu angepita akisema kwa sauti ya chini, "Mzee fulani ameitwa."

Mnaona wenyewe. Kwa misheni mambo yalikwenda kinyume na Kurui. Kengele kwanza, watu wanauliza ni nani, halafu ndipo nyumba moja inalia. Na walikuwa hawasemi amekufa, walisema ameitwa. Ameitwa na nani? Nilikuwa nimekatazwa kuuliza, nikajijibu mwenyewe. Anaitwa na kengele. Na kengele inapigwa na Mzee Maganga.

Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi. Aliletwa pwani na vita vya Wajerumani na Waingereza akiwa mbeba mizigo, akaugua njiani, misheni ikamtibu, akabaki. Bega lake moja lilikuwa juu kuliko jingine, akitembea utadhani bado ana mzigo. Alivaa kofia ya pama iliyoliwa na mende. Sikuwahi kumwona akicheka, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu mdomo wake ulikuwa hautulii.

Siku moja tulikuwa tunatoka kanisani. Mzee Kondo, jirani yetu, alikuwa mbele yetu na fimbo yake, anakohoa kikohozi chake cha kila siku. Maganga akamsimamisha mbele ya watu wote.

"Kondo! Bado unatembea? Mimi mikono imenichubuka kwa kukungoja. Nakwambia mihogo yako ile hutaila. Nitakupigia kengele kabla haijakomaa."

"Utaanza wewe, Mnyamwezi," Mzee Kondo akajibu. "Na nitakuzika kichwa chini, miguu juu, ujifunze adabu kaburini."

Watu wakaangua kicheko. Maganga hakucheka. Alimtazama Mzee Kondo juu mpaka chini, kama fundi anayepima mbao, kisha akaondoka na bega lake.

Mihogo ya Mzee Kondo ilikuwa karibu kabisa na nyumba yetu. Ilikuwa haijanifika hata begani siku kengele ilipolia polepole, na mama akasimamisha mchi, na kilio kikatoka nyumba ya Mzee Kondo. Niliingia ndani nikajificha nyuma ya mtungi.

Mazishini nilishikwa mkono na mama, na mambo niliyoyaona huko yalinimaliza. Mzee Maganga alikuwa amevaa koti la marehemu. Ameshika fimbo ya marehemu. Anatembea mbele ya jeneza huku akikohoa kikohozi cha marehemu, kilekile, hata mahali pa kuvuta pumzi. Walipofika kaburini akakaa ukingoni, akaning'iniza miguu ndani, akasema mtu huyu haingii humu mpaka ndugu zake wamkomboe kwa jogoo. Jogoo akaletwa. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mjane mwenyewe alicheka. Nikawaangalia watu wazima wale wote nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba wanamwogopa. Amemuua mzee wa watu, sasa anamdhihaki, na wao wanacheka ili asije akawageukia.

Tangu hapo nikimwona Maganga nilibadili njia. Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kubadili njia. Mama alikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali, na mwaka huo alikuwa mjamzito, miguu imemvimba mpaka anashindwa kuvaa ndala. Jioni moja mwanzoni mwa juma alikaa kwenye mkeka nje, anachambua choroko, pamoja na jirani yetu Mama Eliza. Maganga akapita na ndoo yake ya mavi ya popo. Aliyatoa mnarani kurutubishia tumbaku yake. Mama ndiye aliyeanza.

"Maganga, hujafa tu?"

Akasimama. "Nife nimwachie nani kukupigia wewe? Tumbo lenyewe hilo kama pipa. Ngoja, nitakupigia Jumamosi hii hii. Kamba nimeshaipaka mafuta ya nazi isikwaruze."

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu, choroko zikamwagika. Mama Eliza hakupenda. "Haya, endeleeni," akasema. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tena usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Mimi katika maneno yote hayo nilisikia usaha tu. Nikajua sasa ndio ugonjwa utakaomuua mama.

Sijui niwaelezeje juma lile. Nililala nimeshika pindo la kanga ya mama. Akienda msalani nilimfuata nikasimama nje, akatoka akaniambia, "Mtoto gani huyu, unanilinda kama mwizi?" Nilimwomba Mungu kwa jinsi ya misheni, nilipoona hajibu nikamwomba kwa jinsi ya bibi, nimeelekea upande ambao Kurui tulikuwa tukielekea. Mama aliendelea kuimba, kutwanga, kunigombeza. Nilimwonea huruma kwa kuwa hajui, na nilimwonea hasira kwa kuwa alicheka. Kumwambia nisingeweza. Bibi alishasema nisiwe muulizaji, na kwa mtoto kuuliza na kusema ni kitu kimoja.

Njia niliipata shuleni. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, na siku moja mtundu fulani alikizungushia gunia. Mwalimu alipogonga, kikatoa sauti ya mtu anayepiga godoro. Darasa zima tulicheka, halafu mimi nikanyamaza. Kengele ya kanisani ilikuwa na kitu kinachoning'inia katikati, na sote tulikiita ulimi. Mtu aliyefungwa ulimi hawezi kumwita mtu.

Ijumaa jioni mama alishikwa na uchungu. Bi Tabu mkunga akaja na kibuyu chake, mlango ukafungwa, na mimi nikapelekwa kulala kwa Mama Eliza. Asubuhi mlango ulikuwa bado umefungwa. Nilisikia sauti ya mama ndani, sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Bi Tabu alitoka kumwaga maji, akaniona, akasema, "Nenda kacheze, mama." Maji yalikuwa mekundu. Ilikuwa Jumamosi.

Mbeleko ilikuwa kwenye kikapu barazani, imefuliwa, imekunjwa, inamngoja mtoto. Ndiyo iliyonibeba mimi. Ilikuwa nzito, ya kaniki iliyopauka, na ilinuka mama. Niliikunja nikaiingiza ndani ya gauni langu, nikakimbia kilimani.

Nilitegemea kuukuta mnara mtupu. Lakini Jumamosi Maganga alifanya usafi wa kesho yake, na nilipoingia kwenye kile kiza cha chini nikamkuta ameshika fagio, kamba ya kengele inaning'inia kando yake mpaka sakafuni. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Alisema kweli, basi. Ameshaipaka.

"Ahaa," akasema. "Mateka wangu amejileta mwenyewe. Umekuja kuiona Dar es Salaam?"

Siku zote alikuwa akitufukuza. Nikasema, "Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tangulia, nikikufuata nyuma nitakudaka ukianguka. Mtoto wa Kizaramo akivunjika mimi ndiye nitakayesumbuliwa."

Ngazi ilikuwa ya mbao, imeegemea ukuta, na kati ya kipago na kipago paliniwia mbali. Popo walikuwa wamejipanga juu kwenye giza, wananong'ona. Harufu ile iliniingia mpaka kwenye meno. Kamba ilipita katikati kwenye matundu ya sakafu, na kila nilipoigusa kwa bega niliruka kwa woga. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Maganga. Nilikuwa napanda na mtu anayemuua mama yangu, na yeye ananiambia, "Polepole, mjukuu wangu, kipago hicho kibovu, ruka."

Tukatokeza juu, mwanga ukanipiga usoni. Palikuwa na madirisha makubwa pande zote, hayana kioo wala kizuizi, na katikati kengele, kubwa kuliko mtungi wowote, mdomo wake unafika usawa wa kifua changu. Pa kukanyaga palikuwa ubao mwembamba unaoizunguka, na mwingine unaopita chini yake.

"Tazama kule," Maganga akasema.

Nikatazama, na Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilimsahau mama. Vilima vya Pugu vilishuka vikiwa na msitu, halafu ardhi ikalala, minazi baada ya minazi, na mwisho kabisa kulikuwa na weupe, umetawanyika kama chumvi iliyomwagika. Juu ya ule weupe palisimama kitu cha buluu. Kimesimama wima, nawaambia, kama ukuta. Sikujua bahari inaweza kusimama.

"Ile ndiyo Dar es Salaam. Ule moshi ni wa meli. Baba yako yuko pale chini ya moshi."

Nilimtafuta baba. Nilitafuta mtu yeyote. Hakukuwa na mtu, palikuwa mbali mno, na nikaelewa kwamba hata nikipiga kelele mpaka nipasuke baba hatainua kichwa. Nikageuka upande mwingine, wa nyumbani, na huko niliona kila kitu. Mashamba, watu wadogo wameinama na majembe. Paa letu la makuti. Ua wetu, na wanawake wamesimama uani, hawafanyi chochote. Na mmoja wao anakimbia. Alikuwa Mama Eliza, kanga imemwanguka begani, mkono mmoja kichwani, anakuja moja kwa moja kanisani.

Pale kwetu watu walikimbilia kanisani kwa jambo moja tu. Maganga naye alimwona. Akavua kofia yake.

Sikungoja. Niliingia chini ya kengele, nikaitoa mbeleko, nikauzungushia ulimi ule wa chuma, mara moja, mara mbili, mpaka nguo ikaisha, nikafunga fundo la bibi, lile la kufungia kuni. Halafu nikaukumbatia.

"Wee mtoto! Toka humo! Utaanguka!"

"Usimwite mama!"

"Nani kamwita?"

"Wewe! Ulisema Jumamosi! Leo Jumamosi! Mzee Kondo ulimwita, na mihogo yake hakuila!"

Nilimwona miguu tu kutoka chini ya kengele, miguu yenye nyufa, kisha magoti, kisha uso wake. Alikuwa amepiga magoti kwenye ule ubao. Na hapo sauti ya Mama Eliza ikapanda kutoka chini mnarani, imekatikakatika.

"Mzee Maganga! Piga kengele! Ya mbio, ya kuita watu! Mke wa seremala anatoka damu, Bi Tabu ameshindwa! Dresa wa zahanati yuko shambani, wanaume wote wako mashambani! Piga, baba, atatufia!"

Mimi nilisikia piga kengele. Nikaukumbatia ulimi zaidi.

"Mjukuu wangu," Maganga akasema. "Hakufa. Umesikia? Hajafa. Niachie."

"Muongo."

"Mimi ni mtani wenu. Hukuambiwa? Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Maneno yale ni ya kuchezea. Kondo alikuwa rafiki yangu, nililia mpaka macho yakavimba. Hukuona?"

"Ulivaa koti lake."

"Nililivaa kwa kuwa mimi ndiye wa kulivaa. Mtani asipolivaa, nani atalivaa?"

Sikuelewa. Kurui watani wangu walikuwa bibi na babu, wakiniita mke mwenza na mchumba huku wakicheka. Huyu hakuwahi kucheka. Mama Eliza aliita tena chini, safari hii akilia. Maganga alinyoosha mkono, nikarudi nyuma mpaka nikatokea upande wa pili wa kengele, kisigino changu kikakosa ubao. Nyuma yangu lilikuwa dirisha. Akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa moto. Jasho lilimtoka. Sikuwahi kufikiri kwamba Maganga anaweza kuogopa kitu.

Akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Haya," akasema polepole. "Siigusi. Sikiliza. Unawaona wale kule shambani? Hawamsikii Mama Eliza. Wataisikia hii. Kengele inaita, umesema kweli, kazi yake kuita. Ikienda polepole inasindikiza mtu anayekwenda. Ikienda mbio inaita watu waje. Ipige wewe. Waite waje kwa mama yako."

"Na wewe hutagusa?"

"Sitagusa."

Nilimtazama. Ningependa kusema nilimwamini. Sikumwamini, ila sauti ya Mama Eliza niliijua, na ile haikuwa sauti ya mtu wa kutania. Nikarudi chini ya kengele, nikaanza kulifungua fundo. Halikufunguka. Fundo la bibi halifunguki kwa vidole, linafunguliwa kwa meno, na mimi meno ya mbele sikuwa nayo. Maganga alisogea. "Usiguse!" nikapiga kelele, akasimama, akafumba macho, midomo yake inacheza. Nililitafuna fundo lile kwa meno ya pembeni, mate na machozi na ladha ya chuma, mpaka likalegea. Mbeleko ikaanguka.

Nikaishika kamba pale inapopita kwenye ubao, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kengele ilitikisika tu. Nikaning'inia. Nilikuwa mwepesi mno.

"Babu," nikasema. "Haiendi."

Hakugusa kamba. Alinishika mimi kiunoni, akaniinua juu, akanishusha kwa uzito wake wote, mimi nikiwa nimeng'ang'ania kamba. Alinivuta mimi, mimi nikaivuta kengele. Ikalia. Sauti haikuingia masikioni, iliingia kifuani. Popo wote wakamiminika nje kwenye jua. Akaniinua tena, akanishusha tena, mbio, mbio, na mimi nikawa napiga kelele pamoja na kengele, njooni, njooni, njooni.

Na nikawaona. Sijaona kitu kama kile tena, na nimekwisha kupanda ghorofa za Dar es Salaam mara nyingi. Watu waliinuka katika mashamba, wakageuza nyuso. Majembe yakaanguka. Wakaanza kukimbia kutoka kila upande, wadogo kama siafu, wanapotea kwenye mihogo na kutokeza, na njia zote zikamiminikia ua wetu. Mmoja alikuwa na kaptura nyeupe ya watibu wa zahanati, na Maganga akaniambia sikioni, "Yule ndiye dresa. Umempata. Endelea."

Tuliendelea mpaka walipomtoa mama kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wamekibeba begani, wengine wanakimbia kando ili kupokezana. Walishuka naye kwenda kwenye lori la Mhindi mwenye duka, limpeleke hospitali Dar es Salaam. Kutoka juu niliona shuka jeupe na doa. Niliona mkono wa mama ukishika ukingo wa kitanda, na mkono unaoshika ni wa mtu aliye hai. Nilikitazama kitanda mpaka miti ikakifunika. Viganja vyangu vilikuwa vimechunika. Maganga aliokota mbeleko, akaikung'uta mavi ya popo, akanifunga nayo mgongoni kwake, mtoto mkubwa kama mimi, akashuka nami ngazi kipago kwa kipago.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kengele haikulia. Mchungaji alimwita Maganga, nilikuwapo, nilisikia.

"Kamba ni mbovu, mchungaji," akasema.

"Jana si ilipiga?"

"Ndiyo iliyoimaliza."

Kamba ilikuwa nzima. Watu waliingia ibadani kwa kukisia jua, na Maganga alikaa kwenye ngazi ya mnara ameshika kofia, bega juu, macho kwenye njia ya Pugu. Nikaenda nikakaa naye. Alikuwa anaogopa kama mimi, kwamba akiigusa kengele tu, mama ataitika hukohuko aliko. Mtu mzima, Mkristo, aliyezika nusu ya misheni. Siku iliyofuata pia alikaa pale. Jioni baba akaja kwa miguu kutoka stesheni, ana vumbi mpaka nyusi, na alipotuona alinyoosha mkono juu kabla hajaweza kusema. Mama mzima. Mtoto mzima, wa kiume. Maganga aliinuka, akaingia mnarani bila kumwomba mtu ruhusa, akaipiga kengele mpaka mchungaji akatoka nje na kitambaa cha chakula shingoni.

Mama aliporudi, mdogo wangu yumo ndani ya ile mbeleko ambayo baba alimpelekea, Maganga alikuwa anafagia mlango wa kanisa. Watu walisimama kusikiliza.

"Jumamosi yako imepita, Maganga," mama akasema. "Kumbe nawe muongo."

Maganga akafagia palepale alipokwisha kufagia. Watu wakangoja.

"Nijibu wewe mwanamume! Unaniaibisha mbele za watu."

"Karibu nyumbani, mama," akasema Maganga, machozi yakamtoka. Mama alisonya, akasema mtani gani huyu, Mungu amenipa mtani mbovu. Lakini akamshushia mtoto mikononi.

Miaka ilipita, utani ukarudi, na kila alipokutana na mama waliuana kwa maneno mpaka wapita njia wakasimama. Mimi sasa nilikuwa nimeshajua kucheka. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa, siku Maganga alipokutwa amelala kitandani mwake, kofia usoni, hakuamka. Hakuwa na ndugu hata mmoja pwani hii. Alikuwa na watani. Wanaume wakauliza ni nani atakayepiga kengele, na mama akanigeukia akasema, "Panda. Hiyo ni yako."

Nilipanda peke yangu katika harufu ile ile. Safari hii uzito ulitosha. Niliipiga polepole, na niliona wanawake uani wakisimamisha mchi, ila hakuna aliyeuliza ni nani. Siku ya maziko msafara ulikuwa unakaribia kaburi. Mama alikuwa mbele, amevaa kofia ya pama ya Maganga, bega moja juu, anatembea kama mtu mwenye mzigo. Kofia ilimfika machoni. Watu walikuwa wanagaagaa kwa kicheko. Akaenda mpaka ukingoni mwa kaburi, akakaa, akaning'iniza miguu yake mifupi ndani, akageuka kulitazama jeneza lililowekwa kando.

"Haya, Mnyamwezi," akasema. "Si ulisema huwezi kufa? Sasa umemwachia nani kunipigia mimi?"

Watu wakacheka. Mama naye alicheka, akaendelea kucheka wenzake walipokwisha kunyamaza, mpaka ikabidi niende nimshike mabega.